Hisa Zilizoanza Kukohoa

Ukinunua ng'ombe kwa mkono wa Gelindo Marangon na ng'ombe akaanza kukohoa, humwendei aliyekuuzia. Unamwendea Gelindo. Ndivyo ilivyokuwa katika soko la Jumatatu la mji wetu wa Roncalta nilipoanza kuuza ndama pale, na ndivyo ilivyokuwa kabla yangu. Dalali hakuwa mtu wa kuonyesha mnyama na kuchukua kamisheni tu. Alisimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akawashika mkono huyu na huyu, wakitaka wasitake, akaibana mikono yao pamoja, kisha akaikata kwa kiganja chake kama anayepasua kuni. Hapo biashara imekwisha. Karatasi hakuna. Kwa siku nane zilizofuata mnyama alikuwa bado shingoni mwa dalali: akikohoa, akipiga ndoo teke, akikauka maziwa, Gelindo anakwenda kwa muuzaji kumrudisha au kupunguza bei, na mara mojamoja anatoa mfukoni mwake.

Alizaliwa katika nyumba ya kupanga, baba yake akiwa kibarua wa mashamba. Mikataba ya mashamba huko kwetu huisha siku ya Mtakatifu Martino, San Martino tunavyoiita, mwezi wa kumi na moja. Karibu kila mwaka siku hiyo familia ilipakia vitanda kwenye mkokoteni na kwenda kwa mwenye shamba mwingine. Mpaka leo, mtu akihama nyumba tunasema amefanya San Martino, hata kama kahama mwezi wa sita na amekodi lori. Gelindo aliacha shule akiwa hajamaliza madarasa ya chini. Alikuwa na mikono mipana, sauti ya chini, na tabia moja iliyomlisha maisha yake yote: hakumsifu mnyama. Alimwacha mnunuzi amsifu mwenyewe, halafu akamtajia kasoro moja ndogo ya kweli. Baada ya hapo aliaminiwa kwa mengine yote. Ni mbinu nzuri. Nimeitumia.

Benki ya Wananchi ya Roncalta ilikuwepo kabla ya babu zetu. Ilianzishwa na mapadri wawili na wenye viwanda vya hariri, ikakua polepole kwa akiba za watu wanaofungua mkono kwa shida. Hisa zake hazikuuzwa sokoni popote. Bei ilipangwa na bodi mara moja kwa mwaka, ikatangazwa mwezi wa nne kwenye mkutano mkuu wa wanahisa, katika banda kubwa la maonyesho. Mkutano ule ulikuwa na hotuba, lakini watu walikwenda kula. Kulikuwa na samaki mkavu aliyepikwa kwa maziwa mpaka akalainika, polenta, ugali wetu wa mahindi, ya kutosha, divai, na wakati wa kutoka kila mtu alipewa mfuko wenye soseji kavu na chupa. Bei mpya ilisomwa samaki akiwa mezani. Kila mwaka ilipanda. Walioulizwa kama wanakubali waliinua mkono, na Bepi Scalco, mfuga nguruwe mwenye mdomo mchafu kuliko mabanda yake, aliinua uma.

"Mimi nimepiga kura na kipande cha samaki juu yake," alisema. "Waandike kura moja na nusu."

Watu walimpa mtoto hisa siku ya ubatizo, kama wengine wanavyompa mkufu.

Meneja wa tawi letu alikuwa Venanzio Tretti, mtoto wa mchinjaji wa hapo hapo mjini. Alilijua soko kwa harufu. Aliona ng'ombe wanapungua uwanjani mwaka hadi mwaka, zizi dogo linafungwa, kubwa linanunua kwa simu. Jumatatu moja alimkuta Gelindo kwenye baa, glasi tupu mbele yake.

"Unapata nini siku hizi, Gelindo?"

"Napata mafua."

"Njoo ukae kwangu siku za soko. Nitakupa kiti, meza, na dirisha la kuangalia uwanja."

"Nifanye nini huko? Nihesabu mvua?"

"Ufanye unachofanya siku zote. Wao wana mikono, mimi nina mkono. Wewe ukate."

Gelindo aliomba siku ya kufikiri, kwa heshima tu, akaenda. Alipewa koti la benki, malipo madogo ya mwezi, na zawadi ya hisa kila mwisho wa mwaka. Mkulima akija kutafuta mkopo wa kujenga zizi, Tretti alimwambia kwamba atampa lira milioni mia moja anazotaka, na nyingine ishirini na tano juu yake, mradi hizo ishirini na tano anunulie hisa za benki. Mkopo na hisa vilikwenda midomo kwa midomo, kwa hiyo watu wakauita mkopo wa busu. Scalco alichukua wa kujengea mabanda mapya.

"Hata mke wangu hajanibusu hivi tangu harusi," alisema akitia saini.

"Mkeo ana pua," Gelindo alimjibu. "Benki haina. Leta mkono."

Akakata. Watu walidai akate. Karatasi zilikuwa na kurasa nyingi na mihuri, lakini mtu wa kwetu hakuona kwamba jambo limekwisha mpaka kile kiganja kimeshuka juu ya meza ya Tretti.

Sasa, anayejua biashara ataona kasoro ilipokuwa. Sokoni dalali ana watu wawili mbele yake, na kila mmoja anaweza kufunga mnyama wake au pochi yake akarudi nyumbani. Bei ya ng'ombe inapatikana hapo, kwa yule anayegeuza mgongo. Kwa Tretti aliyeuza hisa ndiye aliyekopesha fedha za kuinunulia, ndiye pia aliyeipangia bei, na samaki alikuwa wake. Hakuna aliyewahi kuigeuzia mgongo hisa ya Roncalta, kwa hiyo hakuna aliyejua thamani yake. Jambo hilo lilionekana wazi kama pua, na hatukulitazama, maana bei ilikuwa inapanda. Mimi mwenyewe nilinunua kiasi, nilipotaka mkopo wa lori.

Gelindo alikuwa amefiwa na mke, hana mtoto. Ndugu aliyebaki naye ni shemeji yake, Dirce, mdogo wa marehemu, naye mjane. Dirce alikodi zizi na malisho chini ya kilima kutoka kwa warithi wa wakili mmoja, akakamua ng'ombe wake mwenyewe. Alikuwa na kishamba kimoja tu kilicho chake, nacho kikapitiwa na barabara kuu mpya. Fidia ilipokuja aliipeleka kwa Gelindo ndani ya kopo la biskuti, anunue hisa.

"Shemeji, nikizitaka hizi?"

"Unamwambia Tretti, ndani ya mwezi unazo mkononi."

"Nani kasema?"

"Mimi nimesema."

"Haya, kata."

Miaka ikaenda. Lira ikawa euro. Benki ilimeza benki ndogo jirani, ikafungua matawi mpaka kusini kwa watu ambao Tretti hakuwaelewa wakiongea, ikajenga makao makuu ya vioo. Bei ya hisa ilikuwa mara nyingi ya ile ya siku ya kopo la biskuti. Kisha, majira ya kuchipua ya mwaka mmoja, warithi wa wakili wakaamua kuuza. Dirce, kama mpangaji, alikuwa na haki ya kununua kwanza zizi na malisho, ila mpaka San Martino. Fidia yake pamoja na faida ilitosha. Asipolipa siku hiyo, atatoka na ng'ombe wake, na katika umri wake hakuna mwenye ardhi angempokea. Mwezi wa tano alipeleka maombi ya kuuza hisa. Mwezi wa sita ukapita, wa saba, wa nane. Mwezi wa tisa aliingia benki siku ya soko, buti za zizini mguuni, akasimama mbele ya meza ya Gelindo.

"Shemeji, mwezi wako una siku ngapi?"

"Kuna foleni, Dirce."

"Foleni ya nini? Nikiuza ndama, anayepanga foleni ni ndama au ni mimi?"

"Benki inatafuta mnunuzi. Akipatikana..."

"Miaka yote hii nilikuwa nasikia wanunuzi wanagombana mlangoni. Wamekwenda wapi, likizo?"

Watu waliokuwa kwenye dirisha la fedha waligeuka. Gelindo alimwomba ashushe sauti. Hakushusha.

"San Martino ikifika nitakuletea ng'ombe kwako. Unakaa ghorofani, najua. Watajifunza ngazi."

Alipotoka, sakafu ikiwa na matope yake, Gelindo aliingia kwa Tretti na kufunga mlango. Yaliyosemwa huko alinisimulia mwenyewe baadaye sana, na sidhani aliongeza kitu, maana hayampambi.

"Atasubiri kama wengine," Tretti alisema. "Bei iko palepale. Hakuna aliyepoteza hata senti."

"Hakuna aliyepata hata senti pia. Mbele yake wako wangapi?"

"Wengi."

"Na nyuma?"

"Zaidi." Tretti akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Wewe ni mtu wa nyumbani. Zako naweza kuzipitisha kabla mwezi huu haujaisha. Kimyakimya. Weka saini tu."

Hisa za Gelindo zilikuwa uzee wake wote. Hakuwa na kingine zaidi ya koti na baiskeli.

"Pitisha za Dirce mahali pa zangu."

"Haiwezekani. Jina ni jina, si gunia la viazi."

Gelindo akasimama, akachukua kofia, akaelekea mlangoni. Kila mtu wa soko anakijua kitendo hicho. Mwenye mnyama mzima anakuacha uende. Anakuacha ufike mpaka baa, anakuja taratibu, anaagiza glasi yake, anaongea habari za mvua. Tretti alimwita kabla hajagusa kitasa.

"Ngoja, bwana. Kaa. Tutaona la kufanya."

Hapo, Gelindo alisema, ndipo alipojua. Si kwa sababu ya foleni. Foleni inaweza kuwa na maelezo. Ni kule kuitwa upesi.

"Mnyama wako anaumwa kiasi gani?" aliuliza, bado amesimama.

Tretti alipanga kalamu zake. "Za Dirce, basi. Lakini usifungue mdomo mpaka ziingie. Ukisema neno, mlango utajaa watu, na hata zake hazitatoka."

Zilitoka. Dirce alilipwa mwanzoni mwa Novemba, akatia saini kwa wakili wa mikataba siku chache kabla ya San Martino, zizi likawa lake. Gelindo hakumwambia mtu. Alichofanya ni kuja kazini Jumatatu iliyofuata na bendeji kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Alisema umeteguka. Mteja akitaka akatiwe mkono, alionyesha bendeji na kutikisa kichwa. Waliotaka hisa waliweka saini bila yeye, na wachache, wazee hasa, waliona vibaya kuendelea hivyo wakaahirisha. Watu walimpa pole. Scalco alimshauri apake mafuta ya nguruwe. Mimi nilimwuliza kama ni baridi, akasema ni baridi. Alivaa bendeji hiyo majira yote ya baridi.

Mwezi wa pili wakaguzi kutoka nje wakamaliza hesabu zao. Bodi ilikutana bila samaki, ikatangaza bei mpya, na bei hiyo isingenunua pipi. Muda mfupi baadaye sehemu salama ya benki ikakabidhiwa kwa benki kubwa ya mbali kwa sarafu moja, sehemu mbovu ikaachiwa mahakama. Bango likabadilishwa asubuhi moja, kwa ngazi na mafundi wawili. Hisa zikafa, ila mikopo ilihamia kwa mwenye benki mpya ikiwa na afya nzuri.

"Busu limekwisha," Scalco alisema pale baa. "Mimba imebaki."

Mahali pengine watu wangekwenda kwa mwanasheria, na wa kwetu pia walikwenda, lakini baadaye. Kwanza walikwenda kwa Gelindo. Walikuja Jumapili baada ya misa, wanaume kwa wanawake, hati zao ndani ya mifuko ya plastiki, wakasimama uani. Hakuna aliyeona ni jambo la ajabu. Biashara aliikata yeye, na mnyama ametoka mbovu. Scalco ndiye aliyeanza.

"Gelindo, ng'ombe huyu anakohoa."

"Namsikia."

"Mrudishe alikotoka."

"Alikotoka pamefungwa, Bepi. Tretti kahamia kwa binti yake ziwani. Nimepiga simu."

"Hilo si langu. Mimi niliona mkono wako."

"Ulipomnunua alikuwa mzima. Siku nane zimepita zamani."

Mtu alicheka, si kwa furaha. Scalco hakucheka.

"Na wa Dirce mbona alipona?"

Ilikuwa imeshajulikana mjini; wakili ana karani na karani ana mke.

"Wa Dirce alitoka Novemba," Gelindo alisema.

"Nani alimtoa?"

"Mimi."

"Na ile bendeji?"

"Mkono haukuwa na kitu."

Angeweza kusema kwamba zake mwenyewe alizizamisha ili za Dirce zitoke. Hakusema, na nadhani alipima sawasawa: wasingemwamini, na kama wangemwamini ingekuwa vibaya zaidi, maana ingeonyesha alijua kwa hakika kiasi gani. Scalco aliweka hati zake juu ya rundo la kuni, polepole, kama mtu anayefunga mnyama kwenye kigingi. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Wakaondoka bila kumgusa.

Jumatatu Gelindo alizibeba zote benki ndani ya begi la soko. Msichana mgeni nyuma ya kioo alimwambia kwa adabu kwamba kila mwenye hati aje mwenyewe, na kwamba hata akija hakuna cha kupokea. Gelindo alizirudisha nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Penye mlango uliofungwa alizitia kwenye sanduku la barua.

Nimesikia hukumu nyingi juu ya jambo hili. Wapo wanaosema angepiga kelele mwezi ule wa tisa. Angepiga kelele, foleni ingekuwa ndefu zaidi na hakuna hata mmoja angelipwa, Dirce akiwemo. Wapo wanaosema basi angalau waliokuja kununua kati ya Septemba na Februari wangeokoka, na hao wana haki. Bendeji si onyo la kutosha kwa mtu anayekuja na akiba yake. Sina cha kuongeza. Mimi hasara yangu niliiandika nikaifunga.

Gelindo aliendelea kuja sokoni, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda na pensheni yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi bila kukatwa michango. Akisogelea watu wawili wanaobishana, mikono iliingia mifukoni. Wakati mwingine watu walikubaliana bei mbaya makusudi, haraka haraka, ili asiwafikie. Alikula kwa Dirce Jumapili. Siku nyingine sijui.

Mwaka wa pili nilihitaji ng'ombe wa maziwa, na Dirce alikuwa na watatu wa kuuza. Nilimchukua Gelindo aje akate. Nilikuwa na hesabu zangu. Kamisheni yake ilikuwa imeshuka mpaka nusu, na mtu anayetazamwa na mji mzima kila anapofungua mdomo hawezi kumudu uongo hata mmoja. Dalali wa namna hiyo kwa bei ile hapatikani kila siku.

Dirce alitukuta mlangoni mwa zizi, mikono kwenye aproni.

"Huyu umemleta wa nini? Mimi na wewe hatuna midomo?"

"Nimemleta asimame katikati, mama."

"Katikati ya nini? Anakula kwangu."

Gelindo aliwapitia ng'ombe mmoja mmoja. Aliinama, akagusa matiti, akatazama meno, akasimama nyuma ya yule mwekundu aliyekuwa mzuri kuliko wote, ambaye macho yangu yalikuwa hayajamtoka tangu nilipoingia.

"Huyu alitupa mimba mwaka jana," alisema.

Dirce alimgeukia. "Shemeji."

"Alitupa mwezi wa tatu. Nilikuwepo, nilikushikia taa."

"Zizi hili unalosimama ndani yake ulinipatia wewe. Leo unataka ulibomoe?"

"Zizi ni lako. Na mwekundu alitupa mimba."

"Nisikuone Jumapili."

"Sawa."

Nilitaja bei mpya ya mwekundu, chini kuliko niliyokuwa nimekuja nayo. Dirce akataja yake, akiniangalia mimi tu. Tukapandishana na kushushana kwa muda mrefu. Yeye alijua kuuza, mara mbili aliniacha nikaingia ndani ya lori na kuwasha injini. Mwishowe Gelindo akasema tugawane tofauti nusu kwa nusu, na ilikuwa haki. Nilitoa mkono. Dirce alifuta wake kwenye aproni, mbele na nyuma, akautoa kama anayeutumbukiza kwenye maji ya baridi. Gelindo akakata. Nilimlipa pale pale sehemu yangu. Dirce hakumlipa chake, na yeye hakudai.

Nikiwa napakia, Scalco alikuwa ameegemea geti la jirani, anatazama kama asiyetazama. Alingoja mpaka Gelindo akaondoka na baiskeli yake.

"Kasema kasoro?" aliniuliza.

"Kasema."

"Ya kweli?"

"Dirce kamfukuza chakula cha Jumapili."

Scalco alifikiri, akatema mate pembeni. Alisema ana nguruwe majike wa kuuza, ila uso wa Gelindo hataki kuuona.

"Nitamwambia aje kinyumenyume," nikasema.

"Kamisheni yake ngapi sasa?"

"Nusu."

"Robo."

"Zungumza naye mwenyewe."

Akatazama barabara, ambako baiskeli ilikuwa bado inaonekana, akasema Alhamisi inamfaa.